Visanduku vya Jioni

Jumatatu, 15 Septemba

Leo mke wangu ameingizwa kwenye utafiti wa dawa ya moyo, na mimi nimekabidhiwa kijitabu. Kina jalada la kijani. Kila siku ina visanduku viwili, cha asubuhi na cha jioni, vya kuweka tiki akishameza kidonge, na chini yake mstari mmoja wa kuandika "tatizo lolote". Nimefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini na sijaona mtu aliyeweza kueleza tatizo lake katika mstari mfupi namna ile. Kwa hiyo nimechukua daftari hili lililobaki tangu nistaafu, niandike yasiyoenea kule.

Anayetuhudumia ni muuguzi anayeitwa Damascène, kijana kutoka Kigali. Viatu vyake vinang'aa mno. Ni dhahiri hajawahi kupanda mlima wa Rugerero siku ya mvua. Lakini anajua kufundisha, hilo nampa. Alieleza hivi: moyo wa Liliane umepanuka na kulegea, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na pumzi inakatika akipanda ngazi. Dawa za kawaida ataendelea nazo kama zamani, zote, bila kuacha hata moja. Juu ya hizo ataongezewa kidonge cheupe asubuhi na kingine jioni. Nusu ya wagonjwa wote kidonge chao kina dawa mpya. Nusu nyingine kidonge chao hakina kitu, ni unga tu, ila kwa rangi na ladha huwezi kuvitofautisha. Kompyuta iliyoko mbali ndiyo iliyopiga kura nani apate kipi. Liliane hajui, mimi sijui, Damascène mwenyewe hajui.

"Kwa nini mfiche hata ninyi wenyewe?" nikamuuliza.

"Kwa sababu ya matumaini, Mwalimu. Mtu ukimpa kidonge na kumpigia simu kila wiki, atajisikia nafuu hata kama umempa unga. Na mimi nikijua amepata dawa, nitamwona amepona kabla hajapona."

Liliane alikuwa na swali moja tu. "Na yaya yangu? Iko na ugonjwa moja na yangu. Tumetoka tumbo moja."

Yaya ni dada yake mkubwa, Nyirahabimana, aliyeolewa Goma, ng'ambo ya mpaka, na fundi cherehani mmoja anayeitwa Dauda. Damascène akasikitika. Akasema utafiti unachukua wanaokaa upande huu wa mpaka tu, ambao wanaweza kufuatwa nyumbani wakizidiwa. Yaya aendelee na dawa anazopewa kwao.

Mimi nikamsomea fomu, kurasa tisa, kwa sauti ya darasani. Ukurasa wa saba ulisema kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, au kusema amekosea, na matibabu yake hayatapungua. Huo niliusoma haraka haraka. Maneno kama hayo hayakosi kwenye fomu. Akatia sahihi, nami nikatia kama shahidi.

Jumanne, 16 Septemba

Vyote viwili. Mvua ya kwanza ya msimu, ya kulowesha vumbi tu.

Jumamosi, 20 Septemba

Yaya amekuja. Amekula, amecheka, amesema nyumba yetu inanuka kimea cha kiwanda cha bia, kana kwamba mimi ndiye ninayekipika. Amenikosoa jinsi ninavyokata mkate. Mwanamke huyu akiingia nyumbani mimi nageuka mgeni. Na Liliane, ambaye kwangu ana maneno ya kupima kwa kijiko, kwa dada yake anafunguka mpaka jioni. Waliongea jikoni mlango umefungwa.

Vyote viwili. Cha jioni sikukiona, nilikuwa mazoezi ya kwaya, ila amesema amekunywa.

Jumamosi, 27 Septemba

Yaya tena. Anasema mpaka una foleni, lakini foleni haijawahi kumzuia kufika saa ya chakula. Ameondoka na kifurushi. Sukari yetu, bila shaka.

Alhamisi, 2 Oktoba

Vyote viwili. Ziwa bado limefungwa kwa wavuvi mpaka katikati ya mwezi ili sambaza, wale samaki wadogo, wazaane. Liliane hana samaki wa kuuza, hivyo anahesabu makosa yangu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tumekwenda kliniki. Damascène amemwaga vidonge vilivyobaki mezani, amevihesabu kwa ncha ya kalamu, kisha akalinganisha na kijitabu changu. Hesabu imekubali. Akasema, "Mwalimu, wangekuwa wote kama wewe." Mguu wa kushoto wa Liliane umepungua, ukiubonyeza shimo halibaki. Amepanda kutoka gatini Rubona hadi nyumbani akisimama mara moja tu. Mwezi wa nane alikuwa anasimama mara nne.

Nimefurahi. Naiandika hapa kwa kuwa kule hakuna kisanduku cha furaha.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ziwa limefunguliwa wiki hii. Liliane amerudi kutoka gatini na beseni la sambaza wa kwanza, na kabla hatujaonja sisi amefunga fungu zuri kwenye gazeti la Yaya. Nilikasirika. Nilisubiri atoke kuchota maji nikafungua gazeti lile, nione amempa kiasi gani. Nakiri kwamba ulikuwa ubahili wangu.

Katikati ya samaki kulikuwa na karatasi iliyosokotwa, ya daftari langu mwenyewe, yenye mistari. Ndani ya karatasi, vidonge vyeupe saba.

Liliane aliponikuta navyo mkononi hakushtuka. Akatua ndoo, akakaa kwenye kigoda.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Unajua ni nini. We njo unaandikaka kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu Yaya alikuja mara ya kwanza. Cha asubuhi minakunywa mi. Cha mangaribi iko yake."

Nikaanza kusema, na ninapokasirika nasema kama niko ubaoni. Kwamba amedanganya. Kwamba amenifanya mimi nidanganye, mtu ambaye watoto wa nusu ya mji huu wamejifunza kuandika kwa mkono wake. Aliniacha niishiwe. Kisha akasema, akiniita kwa jina la mwanetu kama kawaida, na ninaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana nimekuwa nayo kichwani tangu mchana:

"Mama alikufa, mi niko na miaka saba, Yaya kumi na tatu. Kiazi iko moja, anakata mbili. Sabuni iko moja, anakata mbili. Blanketi tulikuwa nayo moja, akaipasua na mukasi, hata kama nusu haikufunika mutu. Hajakula kitu peke yake hata siku moja, Papa Ntwali. Sasa nikunywe dawa peke yangu, mi?"

"Dawa si kiazi," nikasema. "Kiazi ukikikata, kila mtu amekula kiazi. Dawa ukiigawa pengine haimfikii yeyote."

"Damascène alisema hata yeye hajui kama iko dawa ao iko unga. Kama mwenye mali hajui ni nini, mi namuibia nini?"

Nilisema lazima tumwambie. Akanitazama kwa hofu, na mke wangu si mtu wa hofu. Akasema watamfukuza, hawatampiga tena picha ya moyo, hawatampigia tena simu siku za Jumatano. "Nimeanza kupumua," akasema.

Na mimi niliamini hivyo hivyo, kwamba watamfukuza. Darasani kwangu mtoto aliyempa mwenzake jibu alitoka nje pamoja na aliyepewa, na madaftari yao wote wawili niliyachana. Sikuwahi kumrudisha hata mmoja kabla ya kengele. Najua mtu mwenye kalamu nyekundu anafanya nini.

Yaya alikuja saa sita. Alikula, akacheka, akachukua gazeti lake la samaki. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo huwa silifanyi.

Kisanduku cha jioni nimekiwekea tiki. Imenyooka kama nyingine zote, na hilo ndilo lililonitia aibu.

Jumapili, 19 Oktoba

Vyote viwili, kwa mujibu wa kijitabu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua. Vyote viwili.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua kubwa, njia ya juu imekatika. Vyote viwili. Nimegundua kwamba naweka tiki za jioni mapema, saa nane mchana, ili nimalizane nazo.

Jumamosi, 1 Novemba

Yaya ametembea kwa miguu kutoka Grande Barrière, pale mpakani, hadi stendi ya mabasi, mwenyewe, bila kushikwa. Ameniletea shati. Dauda amelishona kwa kitambaa cha samawati, mfuko mmoja kifuani umegawanywa mara tatu. "Mwalimu bila mufuko ya kalamu iko mwalimu gani?" akasema. Lilinikaa sawasawa, na sikumbuki hata siku moja alinipima. Kumbe miaka yote hiyo ya kunikosoa alikuwa ananitazama. Nilitaka kumshukuru vizuri nikaishia kusema mshono ni mzuri.

Sasa niandike na lile jingine, maana ndilo lililonikalisha hapa.

Tukiwa mezani Yaya alisema, mdomo umejaa: "Hii dawa ya watafiti iko nguvu, Lili. Mi nimeacha ile ya zamani. Ile inanikojolesha kila saa, na siku hizi kuipata kwetu iko mateso, unapanga mustari asubuhi mpaka mangaribi. Hii moja inatosha."

Nilisikia. Nilikuwa namenya yai. Nilijua fomu inasema nini: dawa za kawaida zote, bila kuacha hata moja, kile cheupe ni nyongeza. Katika nyumba ile mimi ndiye niliyesoma kurasa tisa. Nikifungua mdomo, nitakuwa nimesema mbele ya Yaya kwamba najua, na baada ya hapo sitakuwa na pa kujificha. Mpaka leo tulikuwa tunajifanya kwamba mimi sijui kitu. Nikamenya yai langu. Nikajiambia Liliane atamwambia. Liliane naye alikuwa anamtazama dada yake anavyokula kwa hamu, amefurahi.

Vyote viwili.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimemwuliza Liliane kama amemwambia Yaya arudie dawa zake za zamani. Akasema, "Si ameona vile anatembea?" Nikasema kidonge kile huenda ni unga. Akasema, "Na huenda iko dawa." Tukaishia hapo.

Jumatatu, 10 Novemba

Kliniki. Hesabu imekubali tena, bila shaka imekubali, mimi ndiye ninayeitengeneza. Damascène alinionyesha kwa wagonjwa wawili waliokuwa wanasubiri: "Huyu ndiye Mwalimu niliyewaambia." Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa na tope mpaka kwenye kamba. Alikuwa ametoka kumfuata mgonjwa aliyekosa kuja, huko juu kabisa, kwa miguu, kwa vile pikipiki zilishindwa.

Nilikuwa nimeyapanga maneno kwenye basi. Nilirudi nayo kwenye basi.

Jumamosi, 15 Novemba

Yaya amekuja na kuondoka. Amenenepa usoni, Liliane amefurahi. Mimi sijui kama ni unene.

Jumamosi, 22 Novemba

Ni maji. Viatu vyake vilikuwa havifungiki, amekuja na kandambili za Dauda. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti alipumzika ukutani. Akasema mvua imemwingia kifuani. Alikula kidogo sana, na sahani yake akamsogezea Liliane.

Leo nilisema, hatimaye, ila nilisema vibaya. Nikasema, "Shemeji, ile dawa ya kukojoa, ungeirudia." Akanitazama na ule utani wake: "Kumbe Mwalimu amekuwa munganga?" Wakacheka wote wawili, nami nikacheka nao ili yaishe. Ningeweza kusisitiza. Ningeweza kupiga meza. Miaka thelathini nimepiga meza kwa ajili ya jedwali la kuzidisha.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua siku tatu. Vyote viwili, vyote viwili, vyote viwili.

Jumamosi, 29 Novemba

Yaya hakuja. Liliane amekwenda Goma mwenyewe na karatasi yake ya vidonge. Amerudi kabla mpaka haujafungwa, wanaufunga mapema siku hizi. Ameketi na viatu vyake miguuni muda mrefu. "Yaya analala amekaa," akasema. "Akilala chini, maji inamupanda."

Nikamwuliza kama amemwambia kuhusu dawa za zamani. Amemwambia. Yaya amesema hazipatikani, amesema pia hataki mdogo wake ahangaike, kidonge cheupe kinamtosha.

Ijumaa, 5 Desemba

Asubuhi Dauda amepiga simu. Ni mtu mpole, tangu nimjue hajawahi kupandisha sauti, na hata leo hakupandisha. Amempeleka Yaya kituo cha afya. "Shemeji, munganga anauliza ni dawa gani anakunywa. Nimemuonyesha kile kidonge. Haijui. Inaitwa aje?"

Nikamwambia haina jina. Ina namba tu, na namba hiyo iko kwenye chupa iliyoko hapa kwangu.

"Bon. Hiyo namba inasema nini?"

Haisemi kitu, Dauda, nikawaza. Ndivyo ilivyotengenezwa, isiseme kitu kwa mtu yeyote, mpaka aulizwe mwenye kompyuta. Na wa kumwuliza ni Damascène, na namba ya Damascène imeandikwa kwenye chupa hiyo hiyo: piga saa yoyote.

Nikamwambia Dauda tuna miadi Jumatatu, nitauliza.

Liliane alikuwa amesimama nyuma yangu. "Piga leo," akasema.

"Jumatatu," nikasema. "Mambo kama haya husemwa ana kwa ana."

"Papa Ntwali. Wanifukuze. Piga leo."

Sikupiga. Sielewi, hata ninapoandika, kwa nini sikupiga. Naandika uongo, naelewa. Nilikuwa naona Damascène akifungua kijitabu changu cha kijani na kutazama tiki zangu moja moja, zilizonyooka, zenye ukubwa mmoja.

Jumamosi, 6 Desemba

Saa nne asubuhi nimepiga. Ilipoita mara mbili nikakata. Damascène akapiga mwenyewe mara moja. "Mwalimu, kuna tatizo?"

Nikasema nimebonyeza kimakosa.

"Mama Ntwali hajambo?"

"Hajambo."

"Basi tuonane Jumatatu. Mwalimu, usisite kupiga, hata kimakosa."

Kijitabuni: vyote viwili. Tatizo lolote: hakuna.

Jumapili, 7 Desemba

Yaya amefariki alfajiri. Dauda amesema alikuwa amekaa, ameegemea kifua cha mumewe.

Tulifika Grande Barrière kabla lango halijafunguliwa. Liliane hakulia kwenye foleni. Alikuwa ameshika kitambulisho chake kwa mikono miwili. Huko kwa Dauda walimzika kabla ya adhuhuri kama ilivyo desturi yao. Mimi nilikwenda makaburini na wanaume, nimevaa shati la samawati kwa sababu sikuwa na jingine safi, na Dauda alipoliona akanishika bega akauacha hapo mkono wake. Liliane alibaki uani na wanawake. Niliporudi alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameweka kopo la maziwa ya unga mapajani, amelifunika kwa viganja.

Dauda ndiye aliyempa. Yaya alikuwa amesema, kopo hili ni la Lili.

Nililifungua kwenye basi, tukirudi. Lilikuwa na nusu za vidonge. Kila kidonge tulichompelekea alikikata kati kwa kisu, nusu akanywa, nusu akaitia koponi. Dauda alimwuliza siku moja kwa nini. Akamjibu kwamba utafiti utakwisha, watafiti wote huondoka, na siku hiyo Lili asikose.

Tulifika nyumbani. Liliane akasema, "Alikuwa anakunywa nusu ya nusu yangu." Akalia, na mimi nikalia naye, na sikujificha.

Jioni sikuweka tiki.

Jumatatu, 8 Desemba

Nilikwenda peke yangu, na chupa, na kijitabu, na kopo, na karatasi yenye vidonge vinane vya wiki ya mwisho ambavyo havikuvuka mpaka. Nilimwambia Damascène kila kitu, kuanzia mkate na jinsi Yaya alivyonikosoa kuukata. Hakunikatiza. Hakuandika mpaka nilipomaliza.

Alitoka akarudi na fomu yetu, akaifungua ukurasa wa saba, akaigeuza upande wangu. "Soma, Mwalimu."

Nikasoma. Mshiriki anaweza kusema amekosea, na matibabu yake hayatapungua.

"Siku ile hukuuamini?"

"Sikuuamini."

"Ungetuambia Oktoba, tungemwandikia dada barua ya kupeleka kituo chake, wajue amekunywa nini na wamrudishe kwenye dawa zake. Mama Ntwali angebaki hapa hapa." Akaifunga fomu. "Hata Ijumaa ungepiga, tungewaomba wafungue siri ya ile namba, tuzungumze na daktari wake. Siwezi kukuahidi kwamba angepona. Lakini tungezungumza naye."

Nilitamani anifokee. Nilikaa pale nikisubiri anifokee kama nilivyowafokea watoto wa watu, naye akanisogezea maji ya kunywa.

Nikamwuliza kilichokuwa kikinila: vile vidonge vilikuwa na dawa, au ni unga?

"Sijui. Nitaiandikia kamati kuhusu kifo hiki, lazima, na wao wataamua kama kuna haja ya kufungua. Wasipofungua, tutajua pamoja na wengine wote utafiti ukiisha. Miaka miwili."

"Na Liliane tumeshamharibu. Mtamfuta."

"Hatumfuti. Kila aliyeingia anahesabiwa kwenye kundi alilopangiwa, aliyekunywa vyote na aliyegawa. Dawa hii ikifaa, Mwalimu, itakwenda kwa watu wenye dada zao. Ni lazima tujue inafanya kazi kwa watu kama hao."

Kisha akahesabu yaliyomo koponi, kwa ncha ya kalamu, mbele yangu. Nusu sitini na nane, na viwili vizima ambavyo Yaya hakuwahi kuvikata. Akarudia kuhesabu. Mara ya pili alihesabu polepole, na alipomaliza alivua miwani akaifuta. Vidonge vinabaki kliniki, ndiyo sheria. Kopo amenirudishia.

Mwisho akanifundisha kusahihisha. Hakuna kufuta kwa raba, hakuna kupaka ile rangi nyeupe, hakuna kuchana karatasi. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, mwembamba, ili kosa lenyewe libaki likisomeka. Kando yake unaandika ukweli, tarehe ya leo, na sahihi yako. Miaka yote nimewachania watoto madaftari.

Jumatano, 10 Desemba

Nimeanza kusahihisha. Visanduku vya jioni ni sabini na vinane. Ishirini na vinane niliweka tiki bila kujua. Hamsini niliweka nikijua. Katika kila kimoja napiga mstari na kuandika pembeni: *alipewa Yaya.* Nafasi haitoshi, herufi zangu zimekuwa ndogo.

Nimefika Oktoba 18. Leo naishia hapo.

Ijumaa, 12 Desemba

Novemba yote.

Jumapili, 14 Desemba

Tumetoka matanga Goma. Dauda ameniomba picha ya Yaya, ile aliyopigwa kwetu. Mvua imepungua. Chini gatini mitumbwi inatoka, na wavuvi wanaimba wakipiga kasia kama kawaida, na Liliane amekaa ndani, dirisha limefungwa.

Jumatatu, 15 Desemba

Damascène amekuja nyumbani mwenyewe, kwa miguu, na chupa mpya. Alimpa Liliane pole, akakaa naye. Kisha akamweleza kwamba yuko huru: kuendelea, kuacha, au kufikiria kwanza, na dawa zake za kawaida zitakuja vile vile. Safari hii mimi nilisikiliza kila neno.

Liliane akauliza, "Nikiacha, wataweza kujua kama ile kidonge iko dawa?"

"Watajua, ila kwa taabu zaidi. Kila anayeacha anapunguza uhakika."

"Donc nabaki," akasema. "Nataka kujua nilimupatia nini."

Damascène alipoondoka nilimaliza Desemba. Tarehe 6, kwenye mstari wa tatizo lolote, palipoandikwa "hakuna", nimepiga mstari mmoja mwembamba. Neno bado linasomeka. Pembeni nimeandika kwa herufi ndogo kadiri nilivyoweza: *Yaya alikuwa anakufa na mimi nilijua.* Tarehe. Sahihi.

Jua lilikuwa halijazama Liliane alipoleta kikombe cha maji mezani. Akatoa kidonge, akakiweka kiganjani, akakitazama. Mkono wake mwingine ulikwenda kwenye kisu cha mkate, nadhani hata yeye hakujua. Ukabaki hapo juu ya mpini.

"Kizima, Mama Ntwali," nikasema.

"Mi najua."

Akakiacha kisu. Akakimeza kizima, akanywa maji yote, akafungua kinywa kunionyesha, kama mtoto. Nikachukua kijitabu nikaweka tiki.